Kijani Inawaka, Magari Hayasogei

Saa moja na nusu asubuhi. Taa ya kijani imewaka na dereva wa mbele ameshaachia breki, lakini hasogei. Katikati ya makutano limesimama basi. Basi limezuiwa na lori, na lori limezuiwa na foleni iliyoanzia kwenye taa zinazofuata. Sekunde kumi. Ishirini. Thelathini. Yanapita magari matatu. Inakuja njano, kisha nyekundu, na waliokuwa wakisubiri barabara ya pembeni wanapata zamu yao ya kukuta makutano yamezibwa.

Halafu unafungua mpango wa halmashauri wa kupunguza msongamano mahali kama hapo, na unakuta mambo mawili: njia moja ya ziada kila upande kabla ya taa, na kijani kuongezewa muda.

Kijani ambayo hata ilivyo sasa haina anayeitumia.

Jambo hili limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Sisemi kwamba wahandisi hawaijui kazi yao. Wengi wanaijua vizuri sana. Shida ni kwamba jibu huwa limeshachorwa mapema mno, kabla haijajulikana foleni inazaliwa wapi. Mchoro ukishabandikwa ukutani na madiwani wakaupenda, vipimo vinavyofuata hutafutwa ili kuutetea. Ndiyo maana nataka kuanzia kwenye vipimo.

## Waliohesabiwa ni waliovuka tu

Kila mpango huanza na hesabu ya magari. Wahesabuji hukaa kwenye kona na fomu zao, wakipiga vijiti na kufunga hesabu kila robo saa: wanaonyoosha, wanaokata kushoto, wanaokata kulia, kila aina ya chombo mahali pake. Baadaye vyombo vyote hugeuzwa kuwa kipimo kimoja, gari dogo. Basi huhesabiwa kama magari madogo 2, pikipiki kama 0.4, baiskeli kama 0.2. Viwango hivi vinatumika sana, ila havifai kunakiliwa kwa macho yaliyofumbwa. Pale ambapo pikipiki hupenya katikati ya magari na kujipanga mbele ya mstari, zinaondoka zote kwa pamoja ndani ya sekunde chache, na hapo inabidi kupima papo hapo.

Kazi hii inachosha, na mara nyingi hufanywa kwa uaminifu. Kosa liko mahali macho yanapotazama.

Yanatazama mstari wa kusimamia. Gari likivuka mstari, linapigiwa kijiti. Lililo nyuma, mita mia sita huko, halipo kwenye fomu.

Chukua barabara moja inayoingia kwenye makutano. Magari 900 yanafika kwa saa, na taa zinaweza kupitisha 700. Fomu itasema 700, kwa sababu 700 ndiyo yaliyovuka. Mengine 200 yamebaki kwenye foleni, na ukilitengea kila gari mita 6 pamoja na nafasi yake ya mbele, hiyo ni kilometa 1.2 ya watu ambao mpango hauwajui. Mhandisi anayesanifu kwa 700 na kuongeza kidogo kwa ajili ya miaka ijayo atafungua makutano yaliyojaa tangu siku ya kwanza.

Dawa yake ni mtu mmoja zaidi kwa kila barabara. Huyo hashughuliki na mstari. Kazi yake ni kuandika urefu wa foleni mwanzoni na mwishoni mwa kila robo saa. Kisha:

mahitaji = waliovuka + foleni ya mwisho − foleni ya mwanzo

Wakivuka 175 ndani ya robo saa, na foleni ikatoka magari 40 ikafika 90, mahitaji ni 175 + 90 − 40, yaani 225. Zidisha kwa nne na ile 900 inajitokeza.

Ukisoma mpango ukakuta ukurasa wa hesabu hauna safu ya foleni, basi namba zote zinazofuata zinaeleza uwezo wa makutano yalivyo leo. Hazielezi haja ya watu.

Siku ya kuhesabu nayo ina uzito wake. Shule zikiwa zimefungwa, mvua kubwa ikiwa imenyesha, au barabara ya jirani ikiwa imefungwa kwa ukarabati, hesabu hiyo ni ya siku hiyo tu.

## Sekunde zinapotelea wapi

Taa haitengenezi nafasi. Inagawa muda, na kila inapogawa, kidogo kinamwagika.

Kijani inapowaka, dereva wa kwanza anahitaji kuiona, kuweka gia na kuondoka. Hapo zimepotea kama sekunde 2. Foleni ikishachanganya mwendo, gari moja huvuka kila baada ya sekunde 2 hivi katika kila njia, sawa na magari 1,800 kwa saa kama taa isingekuwa inazimika. Kijani ya sekunde 30 kwa hiyo inapitisha magari 14 kwa njia moja. Halafu inakuja njano ya sekunde 3, na baada yake sekunde 1 au 2 ambazo pande zote ni nyekundu ili makutano yabaki wazi. Sehemu ya njano hutumika, nyingine haitumiki. Ukijumlisha, kila zamu inakula sekunde 4 au 5 ambazo hazimfaidishi mtu.

Sasa tazama makutano ya njia nne ambayo kila barabara imepewa zamu yake peke yake. Zamu nne kwa sekunde 5 ni sekunde 20 kila mzunguko, yaani tangu kijani ya barabara moja iwake mpaka iwake tena. Mzunguko ukiwa wa sekunde 60, theluthi nzima ya saa imekwenda bure. Ukirefushwa hadi sekunde 120, hasara inashuka kuwa dakika 10 kwa saa.

Ndiyo sababu kila mtu hukimbilia kurefusha. Askari anayeongoza magari kwa mkono hufanya vivyo hivyo: anaachia upande mmoja dakika tatu, nne, mpaka foleni yake iishe. Upande ule unaona nafuu kweli. Lakini baada ya sekunde kadhaa mwanzoni, magari yaliyobanana yameshapita na yanayokuja sasa yametawanyika, gari moja kila sekunde nne au tano. Kijani hiyo inatumika nusu. Huko kwingine foleni zinarefuka mpaka zinaziba barabara za pembeni, na watembea kwa miguu wanakata tamaa na kuvuka wanapoona upenyo.

F. V. Webster wa maabara ya utafiti wa barabara ya Uingereza alichapisha mwaka 1958 kanuni ambayo mpaka leo ni mahali pazuri pa kuanzia. Chukua jumla ya sekunde zinazopotea katika mzunguko, iite L. Kisha kwa kila zamu tafuta njia iliyobanwa zaidi, gawanya mahitaji yake kwa uwezo wake kama kijani ingewaka bila kuzimika, na ujumlishe sehemu hizo. Jumla iite Y. Mzunguko unaopunguza kusubiri ni:

(1.5 × L + 5) ÷ (1 − Y)

L ikiwa 16 na Y ikiwa 0.7, jibu ni sekunde 97 hivi. Unaweza kuishi nayo. Y ikipanda kuwa 0.9, jibu linaruka mpaka 290, karibu dakika tano. Namba hiyo haitupi mzunguko wa kutumia. Inatuambia kwamba hapo kurekebisha taa peke yake hakutoshi, na fedha za kubadilisha mitambo zitaonekana zimetupwa.

Jaribu upande wa pili: Y ibaki 0.7, ila zamu zipunguzwe kutoka nne kuwa mbili, L ishuke hadi 8. Mzunguko unakuwa sekunde 57. Hakuna lami iliyoongezwa hata kipande.

Kupunguza zamu kuna gharama yake, nayo isifichwe. Wanaokata kuvuka mkondo wa magari yanayowakabili watalazimika kusubiri upenyo, na pasipo na upenyo watajazana katikati. Wakati mwingine inafaa kuwazuia kabisa kukata pale, wanyooshe, kisha wageukie mbele au wazunguke mtaa. Pendekezo hili huchukiwa na wenye maduka ya kona. Naelewa kwa nini, na bado naamini ndilo linalostahili kujaribiwa kwanza, kwa vibao na koni za muda, kabla ya kumwaga zege.

## Mita hamsini kabla ya mstari

Hapa ndipo ningetumia shilingi ya kwanza.

Tuseme kuna njia mbili zinazoingia kwenye taa, na gari moja limeegeshwa njia ya pembeni, mita 30 kabla ya mstari. Mbele yake yanatosha magari 5. Kijani ikiwaka, hayo matano yanaondoka katika sekunde 12 za mwanzo, kisha njia hiyo inabaki tupu, kwa sababu wote walio nyuma wanapita kwenye tundu moja la njia ya pili. Ingetoa magari 14, imetoa 5. Tisa yamepotea. Mzunguko wa sekunde 90 hurudi mara 40 kwa saa.

Magari 360 kwa saa. Kwa sababu ya gari moja lililowasha taa za hatari likimsubiri mtu.

Kituo cha basi kilichowekwa kabla ya taa kinafanya kosa lilelile, tena kila dakika chache. Mahali pake ni baada ya makutano, lakini pawe na urefu wa kutosha. Basi ni mita 12. Yakija matatu kwa mpigo na kituo kina nafasi ya mawili, mkia wa la tatu unabaki ndani ya makutano. Kwa hiyo namba ya kuuliza ni mabasi mangapi hufika pamoja saa ya shughuli nyingi. Wastani wa mabasi kwa saa hauwezi kujibu hilo.

Halafu kuna njia fupi ya wanaokata kona. Mpango huichora, mara nyingi bila kueleza urefu wake umetoka wapi. Wakiwa 150 kwa saa kwenye mzunguko wa sekunde 90, kila mzunguko unaleta karibu 4. Lakini watu hawafiki kwa wastani; mzunguko mmoja huleta wawili, unaofuata saba. Desturi nzuri ni kujenga kwa mara mbili ya wastani: magari 8, mita 48 hivi, na zaidi kama kuna malori. Ukijenga mita 20, gari la nne litabaki limesimama kwenye njia ya wanaonyoosha, na wote walio nyuma yake wataitazama kijani yao ikiisha.

Kuondoa maegesho, kusogeza kituo, kurefusha njia fupi: vitu hivi havina jiwe la msingi wala utepe wa kukata. Nadhani hiyo ni sehemu ya sababu havipewi nafasi ya kwanza.

## Upande wa pili wa makutano

Turudi kwa lile basi lililokwama katikati. Halikukwama kwa sababu ya taa ya hapo. Lilikosa pa kwenda.

Hapa ndipo mawazo yangu yalipogeuka kuhusu njia za ziada. Ukiongeza njia ya tatu kabla ya mstari wakati upande wa kutokea zimebaki mbili, umejenga mdomo mpana wa faneli. Madereva wanajua kwamba mbele kuna kubanana, kwa hiyo wengi wanabaki kwenye njia mbili za zamani, na ya tatu inatumiwa na wachache wanaoruka foleni. Ili njia ya ziada ifanye kazi, upande wa kutokea nao unahitaji kuendelea kwa upana uleule kwa umbali wa kutosha, ili magari yachanganyike taratibu yakiwa kwenye mwendo. Mchoro unaoishia mita 30 baada ya makutano haujatatua kitu.

Na kama foleni inarudi kutoka makutano yanayofuata, hata hilo halisaidii.

Kuna mambo matatu ya kufanya hapo, kutoka jepesi hadi gumu. La kwanza ni kisanduku cha mistari ya njano katikati: usiingie kama huoni nafasi ya kutokea. Uingereza ilianza kuvitumia rasmi mwaka 1967 baada ya majaribio London. Hufanya kazi pale tu sheria inaposimamiwa. Bila hivyo ni rangi tu juu ya lami, itakayofutika.

La pili ni kuunganisha taa mbili zifanye kazi kwa pamoja. Makutano yakiwa mita 400 na mwendo ukiwa kilometa 40 kwa saa, gari linatumia sekunde 36 kufika. Kijani ya mbele ianze kwa kuzingatia sekunde hizo, ikitangulia kidogo ili waliosimama pale waondoke kwanza. Sharti lake ni kwamba taa zote mbili ziwe na mzunguko wenye urefu mmoja, au mmoja uwe nusu kamili ya mwingine. Huku 90 na kule 120, zitakutana na kupishana siku nzima. Na mkondo unaopangwa vizuri kuelekea mjini asubuhi huwaumiza wanaotoka. Jioni mpangilio lazima ugeuzwe.

La tatu ndilo gumu kuwaeleza wapiga kura: kuwazuia watu mapema zaidi. Taa za nje kabisa, penye barabara ndefu isiyo na makutano ya karibu, zinapewa kijani fupi ili foleni isimame huko, mahali ambapo haizibi mtu mwingine. Jumla ya kusubiri inapungua kwa sababu makutano ya ndani yanabaki wazi. Lakini wakazi wa pale foleni iliposimamishwa wataona wameonewa, na diwani wao atasimama kuwatetea. Ana haki ya kufanya hivyo. Ndiyo maana hesabu za pande zote lazima ziwekwe mezani, kwa watu wa kule na wa huku.

## Kipilefti, au barabara ya juu?

Kwenye mkutano wa wananchi lazima mtu mmoja atasema: "Wekeni kipilefti." Mara nyingi ana hoja. Makutano ya kawaida ya njia nne yana sehemu 32 ambapo njia za magari hukatana, huungana au hutengana. Kipilefti cha njia moja kina 8. Ajali hupungua, na zinazobaki huwa nyepesi, kwa kuwa mwendo ni mdogo na magari hayagongani uso kwa uso.

Ila kipilefti kinategemea kitu kimoja: anayeingia amwachie aliye ndani. Uingereza ilipofanya hiyo kuwa kanuni mwaka 1966 ndipo vipilefti vilipoacha kujifunga vyenyewe. Kinategemea pia uwiano. Barabara moja ikileta mkondo mzito usiokatika, barabara inayofuata haipati upenyo hata wa gari moja. Na njia ya kutokea ikiziba, foleni inazunguka mpaka inaziba hata waliokuwa wakielekea kwingine. Kwa maneno mengine, kile kinachoyaua makutano yetu ya mwanzo kingeua kipilefti haraka zaidi.

Barabara ya juu inaondoa mgongano wa mikondo miwili mikubwa, hilo halina ubishi. Kisha inayafikisha magari mapema zaidi kwenye makutano yanayofuata.

Na yatakuwa mengi zaidi. Mchumi Anthony Downs alieleza tangu 1962 jinsi barabara iliyopanuliwa inavyowarudisha saa ya msongamano wale waliokuwa wameikimbia: waliobadili saa, waliobadili njia, waliokuwa wakipanda usafiri wa umma. Mwaka 2011 wachumi Gilles Duranton na Matthew Turner walionyesha kwa takwimu za miji ya Marekani kwamba kilometa zinazoendeshwa kwenye barabara kuu hukua karibu sawasawa na kilometa za njia zinazoongezwa.

Hapa nina mashaka yangu, na sijayamaliza. Hoja hii hutumiwa vibaya kama kisingizio cha kutofanya lolote. Wanaorudi barabarani ni watu wenye safari zao, na safari hizo zina thamani kwao. Ninachokataa ni mpango unaoahidi kuondoa foleni kwa kuongeza upana, halafu kwenye hesabu zake ukachukulia kwamba idadi ya magari itabaki ileile kana kwamba hakuna kilichojengwa.

## Anayevuka kwa miguu analipa

Jambo hili huachwa mwisho kwenye mipango, na linaharibu hesabu za wengine wote.

Njia nne zenye upana wa mita 3.5 ni mita 14. Kwa mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde, unaotumiwa sana katika usanifu, mtu anavuka kwa sekunde 12. Mzee au mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi anakwenda pungufu ya hapo. Ongeza njia mbili, umeongeza mita 7, karibu sekunde 6 za kuvuka, na sekunde hizo zinatoka kwenye kijani ya barabara inayovukwa, kila mzunguko. Yaani upanuzi unakula sehemu ya faida yake wenyewe.

Kuna mipango inayokwepa hilo kwa kuwapa watembea kwa miguu muda usiotosha. Matokeo yake ni watu walioachwa katikati ya barabara magari yakianza kuondoka.

Kisiwa cha katikati chenye upana wa angalau mita 2 kinaruhusu kuvuka kwa awamu mbili. Mita 2 ni za mtu anayesukuma baiskeli au kiti cha magurudumu kusimama bila kuchungulia magurudumu ya malori. Kikijengwa cha mita 1 kwa sababu nafasi ilikwisha, ni afadhali mchoro urudishwe mezani.

## Baada ya mkandarasi kuondoka

Taa nyingi za kisasa hutambua magari kwa nyaya zilizozikwa kwenye lami karibu na mstari. Anakuja mtu wa kuchimba bomba la maji, anakata lami, anakata waya, anafukia. Mtambo ukikosa ishara, mara nyingi huchukulia kwamba magari yapo muda wote, na huipa barabara ile kijani yake yote hata usiku wa manane hakuna kitu. Wapita njia wanasema taa ni mbovu. Taa ni nzima. Waya ndio umekatika, na hakuna aliyeandikiwa jukumu la kuukagua.

Muda uliopangwa siku ya ufunguzi nao huzeeka. Shule mpya ikifunguliwa au soko likihamishwa, Y ya jana si ya leo.

Kwa hiyo mpango ukifika kwenye hatua ya maoni, maombi yangu kwa halmashauri ni haya: ukurasa wa hesabu wenye safu ya foleni, mchoro unaofika hadi makutano yanayofuata kila upande, jaribio la miezi mitatu la kuondoa maegesho na kusogeza kituo kabla ya kusaini mkataba wa lami, jina la ofisi itakayokagua nyaya, na fungu ndani ya bajeti la kurudi kuhesabu upya, kwa wahesabuji walewale na fomu zilezile, mwaka mmoja baada ya kufunguliwa.